Kushtaki na Kushtakiwa: Ukambani Ndani ya Kitenzi Kimoja

Hebu hesabu ni mara ngapi umesikia neno "kushtaki" wiki hii. Mtoto wa jirani anamwambia mwenzake, "Ngoja, nitakushtaki kwa mama." Ndani ya matatu, abiria aliyeongezwa nauli katikati ya safari anaapa kumshtaki makanga kwa wenye gari. Mama aliyedhulumiwa na shemeji zake anainua mikono na kusema, "Nimewashtaki kwa Mungu." Halafu saa moja jioni, kwenye habari, mheshimiwa fulani ameshtakiwa kwa kufuja pesa za umma, na kesho yake tunamwona akitoka kwa dhamana huku akipungia watu mkono.

Kitenzi ni kimoja, ila kinafika kwa mama, kwa tajiri wa matatu, kwa Mola na kwa hakimu. Pale kwa mama na kwa Mola, mtu yeyote anaweza kukitumia. Unafungua mdomo tu. Kwa hakimu mambo hubadilika: kuna fomu, ada, wakili, tarehe ya kutajwa, tarehe ya kusikizwa, na safari ya kurudi nyumbani bila kusikizwa.

Shuleni tulifundishwa kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa kana kwamba ni mambo ya mtihani tu. Shtaki, shtakiwa. Mwalimu anaweka alama, unaendelea na maisha. Lakini nikifuata kitenzi hiki Kitui na Makueni, walikotoka wazazi wangu, naona hiyo silabi ndogo "-wa" imebeba historia nzima. Kwa miaka mingi watu wa huko walikijua kitenzi hiki kikiwa na mkia huo. Kuukata mkia huo kumewachukua vizazi vitatu au vinne, na kazi bado haijaisha.

Tuanze na neno lenyewe. "Shtaki" limetoka katika Kiarabu, "ishtaka", na maana yake ya msingi ni kulalamika, kumweleza mtu kinachokuuma. Hata leo Mwarabu anayeumwa na tumbo hutumia neno la ukoo huo kumweleza daktari. Kwa hiyo mtoto anayekimbia kwa mama yake huku akilia hajaharibu neno la mahakamani. Yeye ndiye anayelitumia kwa maana yake ya zamani. Mahakama ndiyo iliyokuja baadaye na kulivisha joho.

Jamaa zake wengine nao wana hadithi zao. "Dai" ni la ukoo mmoja na "dua". Yote mawili yanatokana na kuita. Anayedai anaita kilicho chake kirudi. "Hakimu", "hukumu" na "mahakama" ni ndugu wa damu wa "hekima", ingawa ukikaa kwenye foleni ya masjala unaweza kuutilia shaka undugu huo. "Kesi" na "korti" zilikuja na Mwingereza. Ndiyo maana tukizungumza juu ya sheria kwa Kiswahili, nusu ya mdomo iko Uarabuni na nusu iko London.

Je, maneno haya yalifikaje Ukambani, mbali na bahari? Kwa miguu. Kabla reli haijawazwa, wafanyabiashara Wakamba walikuwa wakishuka Pwani na pembe za ndovu na kurudi na nguo, shanga na chumvi. Kivoi wa Mwendwa, tajiri wa Kitui, alikuwa mwenyeji wa mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, na ni kutoka nchi ya Kitui ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya mwezi Desemba mwaka huo. Watu wanaofanya biashara ya mbali lazima wajue kugombana kwa lugha ya wenzao. Ukipunjwa Rabai au Mombasa, hutalalamika kwa Kikamba.

Kikamba kikalichukua neno na kulilainisha likawa "kũsitaka". Ukimsikiza mzee wa Mwingi au wa Kathonzweni akilitamka, hutadhani lilisafiri. Lakini kumbuka kwamba lilikuta mwenyewe nyumbani. Kikamba kilikuwa tayari na kitenzi chake cha kuamua, "kũsila", na mwamuzi ni "mũsili". Wakiwa wengi ni "asili". Mtu wa Nairobi akifungua Biblia ya Kikamba na kukuta kitabu cha Waamuzi kinaitwa Asili, anaweza kufikiri ni kitabu cha chanzo cha dunia. Ni bahati tu ya sauti, lakini naipenda, kwa sababu inatukumbusha kwamba waamuzi walikuwepo kabla ya korti.

Waamuzi hao walikaa katika nzama, baraza la wazee. Charles Dundas, aliyekuwa afisa wa utawala Kitui mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika kurasa nyingi juu ya sheria za Wakamba, na D. J. Penwill akafanya hivyo kwa upande wa Machakos katika kitabu kilichotoka mwaka 1951. Ukizisoma kazi hizo, jambo moja linajitokeza: karibu kila kosa lilikuwa deni. Aliyeua alikuwa na deni la mifugo kwa ukoo wa marehemu. Aliyejeruhi alilipa kulingana na kiungo. Mlalamikaji alikuwa ni mtu aliyeumizwa au ukoo wake, na alichotaka ni kulipwa. Pale ambapo ushahidi ulishindikana, palikuwa na kĩthitũ, kile kiapo cha kutisha ambacho hadi leo watu wakikitaja hupunguza sauti. Anayeapa uongo hufa yeye au watu wake. Ndivyo ilivyoaminika, na kwa wengi ndivyo inavyoaminika bado.

Sitaki kuipaka sukari hali hiyo. Palikuwa pia na king'ole. Mtu aliyeonekana kuwa mwizi sugu au mchawi hatari aliweza kuuawa na umma kwa uamuzi wa wazee, baada ya jamaa zake kuridhia. Wanawake hawakuketi katika nzama hiyo, na wanawake ndio walionyooshewa vidole vya uchawi mara nyingi. Ninachosema ni hiki tu: katika mfumo huo, ulijua nani anakushtaki. Alikuwa na uso, na ukoo, na boma.

Kisha akaja mshtaki asiye na uso.

Kampuni ya Waingereza ilijenga ngome Machakos mwaka 1889, na baadaye serikali ikaichukua nchi yote. Kanuni za korti za "wenyeji" zilitolewa mwaka 1897. Kuanzia hapo, Bwana DC ndiye aliyesimamia kodi, ndiye aliyewaamrisha machifu, na ndiye aliyeketi kama hakimu. Waswahili wana msemo juu ya kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Ukikataa kulipa kodi ya kibanda, aliyekudai, aliyekukamata na aliyekuhukumu walikuwa wanakula meza moja. Na maneno yalipitia vinywa kadhaa: Kikamba cha mshtakiwa, Kiswahili cha karani au askari, Kiingereza cha jalada. Mtu angeweza kueleza maisha yake kwa nusu saa na jaladani ikaingia mistari mitatu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 1932. Mwaka uliotangulia, katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, kundi la wanaume lilimpiga mwanamke mmoja hadi akafa. Walimtuhumu kumroga mke wa mwenzao aliyeitwa Kumwaka. Serikali iliwakamata wote. Kesi ikaitwa Rex dhidi ya Kumwaka mwana wa Mulumbi na wenzake 69. Rex ni Kilatini: mfalme.

Hebu tulia hapo kidogo. Aliyekufa ni mwanamke wa Ukambani. Waliomwua ni majirani zake. Lakini anayeshtaki ni mfalme aliyekaa Uingereza, ambaye hakumjua marehemu wala hatalijua kaburi lake. Ukoo wa mwanamke haumo katika jina la kesi. Uchungu wao, ile "ishtaka" ya asili, haukuwa na kiti mle ndani isipokuwa kama ushahidi.

Sheria ya Mwingereza ina hoja yake, na si hoja mbovu. Inasema uhai wa mtu ni mali ya umma wote, kwa hiyo huwezi kuumaliza kwa ng'ombe. Mwanamke huyo alistahili kulindwa, na wazee hawakumlinda. Kama kulikuwa na mahali pa kumlilia, palikuwa kortini. Lakini angalia hesabu: watu 70 kizimbani, na 60 wakahukumiwa kifo kwa pamoja. Magazeti ya London yaliandika. Hatimaye hawakunyongwa, hukumu ilipunguzwa ikawa vifungo. Katika vijiji vya huko, somo lililobaki halikuwa kwamba sheria inawalinda wanawake. Lililobaki ni kwamba korti ni mahali ambapo watu 70 wanaweza kumezwa kwa siku moja. Kushtakiwa kulikuwa kama kupigwa na radi. Hakuna anayemshtaki radi.

Ila miaka 6 tu baadaye, watu walewale wa wilaya ileile walijaribu kukigeuza kitenzi.

Mwaka 1938 serikali ya koloni iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi mno na kwamba ng'ombe hao wanaharibu udongo. Suluhisho lake likawa kuwanyang'anya na kuwauza kwa nguvu, kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama kikisubiri Athi River. Udongo ulikuwa unaharibika kweli. Lakini ardhi nzuri zaidi ilikuwa imeshachukuliwa na walowezi, jambo ambalo hesabu ya serikali haikuligusa.

Muindi Mbingu na wenzake wa chama cha Ukamba Members Association wakakusanya watu. Mwishoni mwa Julai wanaume, wanawake na watoto walitembea kutoka Machakos hadi Nairobi wamwone Gavana, Robert Brooke-Popham. Walipiga kambi mjini kwa wiki kadhaa. Walituma malalamiko hadi kwa waziri wa makoloni London. Hawakufungua kesi. Wangeifungua wapi, na kwa jina la nani? Walifanya kile ambacho neno lilimaanisha tangu mwanzo: walikwenda kwa mwenye mamlaka wakamweleza kinachowauma.

Gavana alikwenda Machakos mwezi Agosti kuzungumza na watu. Mwezi Septemba Muindi alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha, serikali iliacha kuuza mifugo kwa nguvu. Leo tunapita Muindi Mbingu Street, Nairobi, tukielekea kununua maua na mboga pale City Market, na wengi wetu tunadhani ni jina la mbunge fulani wa zamani. Ni jina la mtu aliyeishtaki serikali bila korti, akalipa kwa uhuru wake, na ng'ombe wakabaki nyumbani.

Korti ya kweli ilichukua muda mrefu zaidi. Korti za Waafrika ziliundwa upya kwa sheria ya mwaka 1951, kisha baada ya uhuru, sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1967 ikaziondoa na kuleta mfumo mmoja kwa wote. Wakati huo hakimu tayari alikuwa Mwafrika. Lakini lugha ya jalada ilibaki Kiingereza, na kizimba kilibaki palepale.

Halafu mwaka 2009, kesi ikafunguliwa London. Wazee watano Wakenya walidai fidia kwa mateso waliyotendewa katika kambi za miaka ya hali ya hatari, miaka ya 1950. Majina mawili kati ya hayo matano ni ya Kikamba kabisa: Ndiku Mutua na Paulo Nzili. Na kwa kuwa jina la kwanza ndilo linalobeba kesi, vitabu vya sheria vya Uingereza vinaijua kama Mutua na wengine dhidi ya Wizara ya Mambo ya Nje.

Weka majina hayo mawili ya kesi pamoja. Mwaka 1932: Mfalme dhidi ya Kumwaka. Mwaka 2009: Mutua dhidi ya serikali ya mfalme yuleyule, kwa maana ya kiti. "Dhidi ya" imekaa palepale katikati. Waliohama ni watu. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwanza kwamba wa kushtakiwa si yeye bali serikali ya Kenya iliyorithi kila kitu, kisha kwamba muda umepita mno. Mahakama ilikataa hoja ya kwanza mwaka 2011 na ya pili mwaka 2012. Mwezi Juni 2013 serikali ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Gawanya mwenyewe uone kila mtu alipata nini. Si pesa ya kununua hata ploti ndogo Syokimau. Lakini kuna vitu ambavyo pesa si kipimo chake. Mzee aliyefanywa kitu akiwa kijana alikaa kwenye sentensi kama mtendaji.

Sasa turudi kwenye lugha, kwa sababu hapa pana shimo ambalo watu wetu wanaangukia kila siku.

Kiingereza kina kitenzi kimoja cha serikali kumshtaki mtu kwa jinai, na kingine cha mtu kumshtaki mwenzake kwa madai. Kiswahili cha kila siku kina "kushtaki" kwa yote mawili. Wanasheria wamejaribu kuchora mpaka: katika jinai kuna mshtakiwa na "kufunguliwa mashtaka", katika madai kuna mdai, mdaiwa na "kufungua kesi". Lakini magazeti yetu yanapenda "kuburutwa kortini" na "kupandishwa kizimbani" kwa kila mtu. Mjini nako tumekivisha kitenzi cha Kiingereza viambishi vyetu, "nitamsue", labda kwa sababu kinasikika kama jambo la watu walio na wakili. Kule kijijini mtu "anapiga ripoti", "anapeleka maneno kwa chifu", au "anaweka kesi". Na kuna ule msemo wetu wa kusukuma mambo, "kesi baadaye": fanya kwanza, korti tutajua mbele. Taifa lililobuni msemo huo limeshaelewa kitu fulani kuhusu mwendo wa kesi zake.

Mjomba wangu mmoja wa Makueni aliwahi kuletewa samansi kwa sababu ya mpaka wa shamba. Jirani yake alidai mikatani ilihamishwa. Mjomba aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya koti lake la kanisani. Kisha akaanza kugawa vitu: mbuzi huyu atunzwe na fulani, karo ya mtoto wa mwisho iombwe kwa fulani. Nilipompigia simu akaniuliza, kwa utulivu kabisa, "Kwani kwa mpaka wanafunga miaka mingapi?"

Nilimweleza, "Mjomba, hii ni madai. Hakuna jela hapa. Mtaenda, mpimaji atakuja, hakimu ataamua mpaka uko wapi."

Akanyamaza, kisha akasema, "Lakini imeandikwa nimeshtakiwa."

Hakuwa mjinga. Mjomba ni mtu aliyesoma, amekuwa mweka hazina wa kanisa miaka mingi. Alikuwa anasoma neno kwa maana ambayo historia ilimpa. Kwake, kushtakiwa ni jambo linalofanywa na serikali, na mwisho wake ni kufungwa. Na jirani yake, kwa upande wa pili, alionekana kijijini kama mtu aliyemwitia mwenzake serikali, jambo baya kuliko kuhamisha mkatani. Wawili hao walisalimiana kwa kichwa tu kwa miaka miwili. Shamba lenyewe halifiki ekari tatu.

Ndiyo maana naona suala la visawe si mchezo wa wapenda kamusi. Mtu akiletewa karatasi inayosema "unadaiwa", atatafuta risiti. Akiletewa inayosema "umeshtakiwa", atatafuta wa kumtunzia mbuzi. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, inayoshughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na kutaka yamalizwe ndani ya siku 60, imetumia neno sahihi kwenye jina lake kwa Kiswahili: madai. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 22, inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani haki yake ikivunjwa, na hata kwenda kwa niaba ya wengine au ya umma. Kifungu cha 159 kinaitaka mahakama itambue pia njia za wazee za kusuluhisha, mradi zisivunje haki za mtu. Yaani nzama imerudi mlangoni, lakini safari hii mwanamke ana haki ya kuketi.

Na watu wametumia milango hiyo. Kitui, bonde la Mui lina makaa ya mawe chini ya mashamba ya watu. Serikali ilipotoa haki za uchimbaji, wakazi walikwenda Mahakama Kuu wakisema hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2015 majaji watatu walitoa uamuzi, na wakazi walishindwa. Mahakama iliona kwamba ushirikishwaji ulifanyika kwa kiasi cha kutosha.

Ungedhani hadithi imekwisha hapo. Lakini katika kueleza kwa nini wameshindwa, majaji walilazimika kusema ushirikishwaji wa umma ni nini hasa: uwe wa kweli na si wa kuonekana tu, watu wapewe habari mapema, walioathirika zaidi wasikizwe zaidi, na kwamba kusikizwa si sawa na kuwa na kura ya turufu. Maneno hayo yamenukuliwa tena na tena katika kesi nyingine nchini, kuhusu bajeti, kodi na miradi mikubwa. Watu wa Mui walipoteza kesi yao na kuwaachia Wakenya wengine silaha. Hiyo nayo ni matokeo ya kushtaki ambayo hayaonekani kwenye kichwa cha habari.

Makueni, mwezi Mei 2015, wakazi wa Thange, upande wa Kibwezi, waligundua mafuta mtoni na visimani. Bomba la kampuni ya serikali, Kenya Pipeline, lilikuwa limevuja. Fikiria nchi kame ambapo maji ndiyo mali ya kwanza, halafu unachota ndoo na inanuka petroli. Miti ya matunda, mboga za kumwagilia, mifugo, vifua vya watoto: kila kitu kiliguswa. Zaidi ya wakazi 3,000 waliungana katika kesi. Mwezi Julai 2025, miaka 10 na ushee baada ya mafuta kuonekana, mahakama ya mazingira na ardhi ya Makueni iliwapa fidia ya shilingi bilioni 3.8.

Miaka kumi. Mtoto aliyekuwa anabebwa mgongoni mafuta yalipovuja alikuwa darasa la tano siku ya hukumu. Kuna wazee waliofungua kesi na hawakuisikia mwisho. Tena kushinda kesi si sawa na kulipwa. Kati ya hukumu na mfuko kuna rufaa, maombi ya kusimamisha malipo, na mawakili wenye subira ndefu. Ukimwambia mkazi wa Thange kwamba haki imetendeka, usishangae akikuuliza imetendeka wapi, ili aende aione.

Lakini sarufi ya kesi hiyo inanitosha kuandika. Watu wa kijiji kisichojulikana Nairobi walisimama upande wa kushoto wa "dhidi ya", na kampuni ya serikali ikasimama upande wa kulia, ikalazimika kujibu. Mwaka 1932 hilo lingechekesha. Mwaka 1938 lilimpeleka mtu Lamu.

Kama una jamaa kijijini, kuna kazi ndogo ambayo sisi wa mjini tunaweza kuifanya bila kuwa mawakili. Karatasi ikifika, wasomee vizuri. Waambie kama ni jinai au ni madai. Waambie kwamba mdaiwa halali ndani kwa sababu ya mpaka, kwamba madai madogo unaweza kuyapeleka mwenyewe, kwamba anayeshtaki hajaita laana juu ya jirani. Na wao wakikuambia kwamba wazee wameketi na jambo limekwisha, usiwacheke. Uliza tu kama mama mwenye shamba alisikizwa.

Mjomba na jirani yake walimaliza kwa njia hiyo, hatimaye. Mpimaji alikuja, mikatani ikapandwa upya, hakimu akaandika walichokubaliana. Wiki iliyofuata mjomba alipitisha mbuzi wake kwenye njia ya jirani, kama zamani, na jirani akamwuliza mbona amechelewa kupita.